Mlango wa Sekalinga

Sauti ilikuja kwanza. Ilipita chini ya mlango pamoja na upepo wa Iringa, ikatambaa juu ya sakafu, na watu wote ukumbini wakaacha kutafuna karanga. Hakuna aliyemwona mwimbaji. Pazia lilikuwa wazi, jukwaa tupu, kigoda kimoja na chungu kimoja, basi. Sauti ikauliza, "Nyumbani kwetu kuna nani?" Na ukumbi, akina mama wakitangulia, ukajibu, "Tupo, mwana, ingia ndani!" Hapo ndipo nilipofungua mlango.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, vijana wangu. Kufungua mlango, na kuufunga. Najua mnacheka. Mlipokuja hapa kwangu juzi na kundi lenu la maigizo, mkaniuliza tulifanyaje bila umeme na bila vipaza sauti, niliwajibu maneno mawili matatu kwa sababu goti lilikuwa linaniuma, mkaaga, mkaenda zenu. Tangu hapo sijatulia. Nakaa, nasimama. Chai inapoa mbele yangu. Mlango wa jirani ukigonga, mkono wangu unainuka wenyewe. Basi nimeona niandike, pengine mkono utapata kazi nyingine.

Mimi nilikuwa mtu wa pazia katika miaka ile ya hamsini, na huko Mbeya wapo watu ambao mpaka leo hawalijui jina langu, wananiita Bwana Pazia. Nilivuta kamba. Nilipiga radi kwa bati. Nililia kama mbuzi pale mbuzi alipotakiwa. Tulikuwa na mchezo mmoja wa nyimbo ambao watu walikataa ufe. Tulijaribu kuwapelekea mingine, wakaiangalia kwa adabu, kisha wakauliza, "Na Tulizo mtamleta lini?"

Tulizo ni binti aliyetoka kwao kumtafuta kaka yake aliyepelekwa vitani. Miaka inapita, anarudi peke yake, na nyumbani hawamtambui. Anasimama nje anaimba. Desturi yetu, ambayo sijui nani aliianza, ilikuwa kwamba mlango haufunguliwi mpaka watazamaji wenyewe wajibu. Wao ndio nyumba. Wasipojibu, hakuna Tulizo, hakuna mchezo, tunakunja pazia tunarudi kwetu. Haikuwahi kutokea. Nani angemwacha Sekalinga nje?

Sekalinga alikuwa Mhehe wa hapa hapa Iringa, mwanamke mrefu, mwenye mabega ya kubebea kuni na sauti iliyofanya watu wafunge macho. Yeye ndiye aliyekuwa Tulizo tangu mchezo ulipoanza baada ya vita. Watoto waliozaliwa wakati huo waliitwa Tulizo kwa ajili yake. Akipita sokoni, muuza maharage alimwongezea kiganja kimoja juu na kumsalimu Kihehe, "Kamwene, mwana, umefika salama?" kama vile kweli ndiyo kwanza anatoka safari.

Kuhusu mlango, nilifundishwa na Mzee Sanga, seremala Mkinga aliyetujengea jukwaa. Mzee huyu hakupenda maneno. Siku ya kwanza nilipofunga mlango nyuma ya Sekalinga ukalia kiiii, akanishika sikio.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Nani mwingine kasikia?"

"Wote, mzee."

"Basi umeimba. Nani kakuita uimbe?"

Akanionyesha. Bawaba unazipaka mafuta ya nguruwe, si ya taa, kwa sababu ya taa hukauka na kuacha kutu. Lakini mafuta hayatoshi. Mlango unaushika kitasa kwa mkono wa kulia, wa kushoto unauweka chini ya ubao wa katikati, unaunyanyua kidogo sana, kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala, ndipo unausukuma. Uzito ukitoka kwenye bawaba, bawaba haina la kusema. Nimefunga milango ya Iringa na Mbeya na shule za njiani, na nikikuambia hujasikia hata mmoja, amini.

Sekalinga alinitania kwa hilo. "Wewe Pazia," alikuwa akisema, huku anajifuta jasho nyuma ya kitambaa, "unafunga mlango kama umeficha mwizi. Siku nikiondoka mimi, usinifanyie hivyo. Ubamize! Watu wajue Sekalinga katoka."

"Mzee Sanga atanivunja mkono."

"Akuvunje. Una miwili."

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mliniuliza habari ya mvua. Mvua unaitengeneza kwa ungo na maharage makavu. Si mahindi, mahindi yanatoa sauti ya mtu anayepekua kabati. Unayazungusha polepole, kisha unaongeza, na mwenzako anatikisa bati kwa mbali. Siku moja tulicheza Uyole katika darasa la shule, mchana, jua kali nje. Nilikuwa nimepata ungo mpya na nilitaka kuonyesha ujuzi. Nikainyesha mvua ile kwa moyo wangu wote. Mara nikasikia benchi zinaanguka. Akina mama wote wametoka mbio, wameanika ulezi nje kwenye mikeka! Wakafika uani, wakatazama juu, mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Walirudi wakicheka mpaka wakashikana, na mmoja akanichungulia nyuma ya kitambaa akasema, "Baba, ungetuonya." Sekalinga alisimama jukwaani muda wote huo bila kutikisika, amekunja mikono, anangoja ulezi wake uanuliwe. Alipoona wameketi, akaendelea na mstari uleule alipoachia. Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia.

Sasa, sauti ya mtu ni kama goti lake. Inakubeba bila kukuuliza, mpaka siku inapouliza.

Ilianzia Mbeya. Wachimba dhahabu wa Chunya walikuwa wameshuka na lori zima kuja kutazama, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na walikuwa wamepitia mahali penye pombe. Sekalinga akaingia, mabega yake yote, mwili wake wote wa mwanamke aliyekula na kuishi. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Huyo binti karudi na wajukuu wangapi?"

Ukumbi ulicheka. Hata mimi nilicheka, nikiwa nimeshika kitasa. Sekalinga alimaliza mchezo, akainama kwa heshima, akatoka. Lakini Mwalimu Mbilinyi, aliyekuwa kiongozi wa kundi letu na ndiye aliyetunga nyimbo nyingi za mchezo, hakulala vizuri tangu siku hiyo. Safari iliyofuata tulipofika Mbeya alituletea msichana wa Tukuyu, jina lake Atupele. Mwembamba, macho yanatazama chini, aliyekuwa akiimba kanisani kwao. Alipofungua mdomo, sote tulitazama dari kuona sauti imeenda wapi.

Mbeya ikampenda siku hiyohiyo. Aliuliza nyumbani kuna nani, na wanaume wa kule, ambao wamezoea kushika sauti nene kanisani, wakamjibu kutoka chini kama ngoma, wanawake wakapanda juu yao, mlango nikaufungua kwa furaha. Sekalinga alikuwa nyuma yangu kwenye giza la vitambaa. Alichukua ungo wa mvua akaanza kuchambua maharage, anatoa mabovu, ingawa mvua haijali maharage mabovu.

Habari zilitutangulia Iringa. Tulipita Makambako tukakuta watu wanabishana, tukafika mjini tukakuta ugomvi umeshaiva. Kwenye kibaraza cha Kasimu, fundi cherehani, hakuna nguo iliyoshonwa wiki hiyo. Yeye alikuwa upande wa Atupele. Upande wa Sekalinga uliongozwa na Mama Kilolo, muuza viazi, ambaye kila mchezo ukija aliwahi benchi la mbele na wenzake, wamevaa kanga zinazofanana.

"Tulizo ni binti, mama," Kasimu alikuwa anasema siku nilipopita pale. "Sekalinga wenu akiwa binti, basi na mimi ni bwana harusi."

"Wewe Kasimu hata ukijishonea harusi kwa cherehani yako, bibi harusi atatoroka," Mama Kilolo akamjibu. "Huyo mtoto wa Tukuyu anaijua baridi yetu? Atasimama nje ya mlango akohoe."

"Tukuyu kuna baridi!"

"Tukuyu kuna mvua. Mvua na baridi si ndugu. Bwana Pazia, njoo hapa. Wewe unamfungulia nani?"

"Mimi namfungulia yeyote mtakayemjibu, mama."

"Sikieni anavyoteleza! Basi kaushike vizuri mlango wako, maana Jumamosi utakaa nao mpaka uote mizizi."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha utani tupu. Kulikuwa na wake na waume waliolala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, kwa sababu ya mjadala ule. Wengine walisema Mwalimu amefuata Mbeya na kuidharau Iringa. Wengine walisema, na hawa walikuwa wakweli zaidi, kwamba Sekalinga akizeeka basi na wao wamezeeka, na hawako tayari.

Mwalimu Mbilinyi hakutaka kundi lipasuke. Akasema mbele yetu sote, "Mlango utaamua. Jumamosi Atupele ataimba. Iringa wakimjibu, nafasi ya Tulizo ni yake. Wasipojibu, Sekalinga ataendelea mpaka atakapochoka mwenyewe, na mimi sitaligusa tena jambo hili." Akamgeukia Sekalinga. "Dada, unakubali?"

"Nakubali," Sekalinga akasema. "Nami nitakaa mbele na watu wangu."

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa napaka bawaba mafuta. Sekalinga akaja na viazi vya kuchoma kwenye kitambaa, akakaa kizingitini, akanimenyea kimoja.

"Hawatamjibu," alisema.

"Kwa hasira?"

"Wenye hasira wapo. Lakini hata wasio na hasira hawataweza." Akatafuna. "Pazia, hujawahi kujiuliza kwa nini wimbo ule haunishindi? Kila nilipoona pale juu panakuwa mbali, niliushusha kidogo. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo. Wao hawana kinanda cha kuwaonyesha wanaanzia wapi, wananisikiliza mimi. Nao wakashuka na mimi. Mama Kilolo anajua anaimba alipoimba siku zote. Kumbe tumeteremka wote mlima mzima, tumeshikana mikono. Huyo mtoto ataanzia kule juu tulikoanzia. Nani atamfikia?"

"Kule Mbeya walimfikia."

"Kule wanaume hujibu. Hapa mwanamume akimjibia mlango mama, atachekwa mpaka sokoni."

Ilikuwa kweli. Kwetu Iringa akina mama ndio waliojibu, wanaume walifuata nyuma.

"Mwambie Mwalimu," nikasema.

"Mwambie wewe. Mimi sina mume, Pazia. Shamba la baba wamelichukua kaka zangu. Nikikuuliza kwangu ni wapi, utanionyesha nini? Mlango huu." Aliugonga kwa kifundo cha kidole. "Nimeitwa 'mwana, ingia ndani' mara nyingi kuliko mtu yeyote hapa duniani. Leo sina haja ya kumfanyia mtu ubaya. Nina haja ya kukaa kimya tu."

Akaondoka, ameniachia viazi. Sikuvila. Nilikwenda kwa Mwalimu nikamweleza, naye akamwita Atupele uani, akamwambia aanze wimbo chini kidogo. Msichana akajaribu. Sauti ikamzamia kama maji kwenye mchanga, ikabaki pumzi. Akajaribu tena, akaanza kulia.

"Acha," Mwalimu akasema. "Imba ilipozaliwa."

Ukumbi ulijaa mchana ule mpaka watu wakakaa madirishani. Jua lilikuwa bado linaangukia sakafu, kwa hiyo sikuhitaji karabai, na niliona kila uso. Benchi la mbele: Mama Kilolo na kanga zake, na katikati yao Sekalinga, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kupimwa damu. Kasimu alikuwa ukutani na wenzake, wamevimba mashavu kwa kutaka kushangilia. Atupele alikuwa nje, upande wa pili wa ubao, karibu nami kiasi kwamba nilisikia meno yake yakigongana.

Nikavuta pazia. Kigoda. Chungu. Sauti ikaja.

Vijana wangu, sitawaeleza sauti ile. Mimi ni mtu wa kamba na mafuta ya nguruwe. Ilipita juu ya vichwa vyao kama ndege mwari anavyopita juu ya bonde, na wote wakainua shingo. "Nyumbani kwetu kuna nani?"

Kimya.

Si kimya kamili. Nilisikia watu wakivuta pumzi, wapo waliotaka. Mama mmoja wa benchi la tatu alianza, "Tupo, mwa..." sauti ikampasukia kooni kama jogoo mchanga. Watu wakacheka. Naye akajifunika uso kwa kanga.

Atupele akaimba tena. Sasa Mama Kilolo mwenyewe, nadhani kwa kusahau, au kwa sababu wimbo ulimshika kabla hajakumbuka ugomvi, alifungua mdomo. Akapanda, akapanda, akakwama. Akageuka kwa wenzake, amekasirika kweli, "Huyu anaimbia ndege!"

"Jibuni!" Kasimu akapiga kelele kutoka ukutani.

"Jibu wewe, bwana harusi!"

Kicheko kikubwa. Kasimu akanywea. Na nyuma ya ubao nikasikia msichana anashusha pumzi iliyokatika vipandevipande. Desturi ilitaka aimbe mara ya tatu, kisha basi. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Nilimtazama Sekalinga. Alikuwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Bila sauti. Alikuwa akiimba mle ndani kwa ndani, wimbo wake, kule ulikozaliwa, mahali ambapo hata yeye alikuwa hajafika kwa miaka.

Mara ya tatu ilikuja nyembamba, inatetemeka, lakini haikushuka. Ilisimama kule kule juu. "Nyumbani kwetu... kuna nani?"

Sekalinga akasimama.

Benchi zima likamtazama. Mama Kilolo akamshika kanga, "Kaa, mwana, tumeshashinda," nami nikayasikia maneno hayo kutoka mlangoni. Sekalinga akaitoa kanga yake mkononi mwa mwenzake polepole, akajibu. Hakujaribu kumfikia yule msichana. Alijibu kutoka chini kabisa, kwa sauti ya mama aliyeinama jikoni, ambaye hana haja ya kuinua kichwa kwa sababu ameijua sauti ya mwanawe. "Tupo, mwana."

Sauti mbili zikakaa, moja juu ya dari, moja sakafuni, na katikati pakawa na nafasi pana kama uwanja. Sekalinga akawageukia wenzake, akawaonyesha kwa kiganja: hapa, simameni hapa, nami. Akaimba tena, "Tupo, mwana," na yule mama wa benchi la tatu akatoa uso kwenye kanga akaingia. Kisha mwingine. Kisha Mama Kilolo, machozi yanamtoka na uso bado umekunjamana kwa hasira. Kisha wanaume wote wa ukutani, na madirisha. "Ingia ndani!"

Sekalinga alikuwa ameshaanza kutembea. Alipanda jukwaani akiimba, akapita kigoda, akapita chungu, akaja moja kwa moja mlangoni. Nikafungua. Atupele alikuwa amesimama pale na kanga yake ya kurudi safari, uso umelowa. Wakatazamana. Sekalinga alimshika mabega, akamgeuza kidogo kumpa nafasi kwenye mlango mwembamba ule, akamsukuma ndani kwenye mwanga. Yeye Sekalinga akatoka nje.

Akiwa amevuka kizingiti aliniangalia kwa pembe ya jicho. "Pazia," alisema, "unakumbuka?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba nakumbuka. Akatelemka ngazi za uani, mabega yake mapana yakipasua upepo, hakugeuka.

Mzee Sanga alikuwa kwenye kona yake, ananitazama. Niliuacha ubao wa katikati. Nikakishika kitasa kwa mikono yote miwili, nikauvuta kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu. Mlango ulipiga fremu, chokaa ikanidondokea kichwani, bati langu la radi likaanguka lenyewe ukutani. Ukumbi ulikuwa unaimba. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.